Kipimo Hakikutoa Jibu, Ukoo Umetoa Hukumu

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na mwandiko wangu uusamehe, maana naandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa wakati wenzangu wamekwenda kula, na nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, nina miaka thelathini na minane, nina miaka saba ya ndoa, na huu ni ujauzito wangu wa pili kwa sababu ule wa kwanza ulitoka ukiwa na miezi mitatu, na tangu hapo nikipita mbele ya wodi ya wazazi nilikuwa nageuza uso upande wa pili. Mume wangu ni mkaguzi wa mizani, yaani ndiye anayezunguka madukani na sokoni na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, mizani ikisema kweli anaibandika kibandiko, ikisema uongo anaifunga kwa waya, na kazi hiyo imemkaa kichwani kiasi kwamba hata nyumbani kila kitu kwake ama kimepita ama hakijapita, hana katikati. Sisemi ni mtu mbaya, mama. Siku niliyomwambia nina mimba alikaa chini sakafuni pale pale jikoni akalia kwa kwikwi, akasema kuanzia leo ndoo ya maji huigusi tena, na kweli sikuigusa. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Sasa sikiliza. Nilipoanza kliniki muuguzi aliniambia kwa umri wangu ingefaa nifanye kile kipimo cha damu kinachoangalia vinasaba vya mtoto, kujua kama yuko kwenye hatari ya matatizo fulani ya kuzaliwa nayo, nikasema sawa, lakini kliniki yetu damu hiyo inachukuliwa siku moja tu kwa mwezi kwa sababu inasafirishwa hadi maabara kubwa ya mbali, na muuguzi akasema chini ya wiki kumi hawachukui, una wiki ngapi? Na hapa naungama jambo ambalo hata mume wangu halijui. Nilisema kumi na moja. Zilikuwa tisa. Nilikuwa nimehesabu vizuri kabisa kwenye kalenda ya ukutani, ila nilishindwa kuvumilia mwezi mwingine mzima nikikaa na hofu, nikasema wiki mbili ni nini, nikadanganya nikaingia chumbani nikakunja mkono wa gauni, na mashine ya ultrasaundi siku hiyo ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hakuna aliyenikagua, wakaandika kumi na moja kwenye kadi na mpaka leo kadi inasema hivyo.

Baada ya wiki mbili nikaitwa. Muuguzi hakuniingiza hata ofisini, alinisomea pale pale kwenye korido, watu wamekaa kwenye mabenchi wametega masikio, akasema, "Chembe za mtoto kwenye damu yako hazikutosha, majibu hayajapatikana, mwezi ujao utarudia." Nikauliza hazikutosha maana yake nini, akasema, "Maana yake hazikutosha, dada, anayefuata!" Nikarudia mwezi uliofuata, safari hii nikiwa na wiki kumi na tatu za haki, nikasema sasa uongo umekwisha, jibu litatoka. Wapi! Karatasi ikaja vile vile, hazikutosha, jibu hakuna. Kwa hiyo mimi moyoni najua kwamba huu ni mwiba wa kujidunga, nilidanganya wiki na Mungu akaniadhibu kwa kuninyima jibu mara zote mbili, na sijui niseme au ninyamaze.

Mume wangu akaichukua ile karatasi, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaipeleka kwa mama yake. Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, hata umpe kadi ya mwaliko wa harusi ataisahihisha, basi akatoa kalamu nyekundu akapigia mstari neno "hazikutosha" na pembeni akaweka alama ya kuuliza kubwa kama ndoana. Jumapili iliyofuata nikakuta kikao sebuleni kwangu. Mama mkwe amekalia kiti changu, mume wangu yuko kando amepakata faili. Nikaulizwa, "Mtoto wa ukoo huu damu yake inakosaje kutosha? Sisi damu yetu ni nzito, haijawahi kupungua mahali popote." Nikasema mama, hicho kipimo hakipimi baba. Akasema, "Kipimo kimeshindwa kumwona mtoto mara mbili. Ama mtoto ni mgonjwa, ama mtoto si wetu. Chagua wewe lipi ni afadhali." Mimi nikamtazama mume wangu, nikasema na wewe? Unajua alijibu nini? Alisema, "Mimi siwezi kupitisha kitu ambacho hakijasoma." Kitu! Mtoto niliyembeba tumboni wakati ule ule ameitwa kitu!

Kutoka siku hiyo kadi yangu ya kliniki iko ndani ya faili, kama kidhibiti, mpaka kikao kiamue, na mimi bila kadi nimeona aibu kwenda, yule muuguzi wa korido atanipigia kelele tena, kwa hiyo ni wiki ya nane hii sijakanyaga kliniki. Sasa kwa hesabu ya kweli nina wiki ishirini na tatu.

Halafu likaja la pete. Wiki tatu zilizopita vidole vilinivimba hadi pete ikawa inanikaba, nikaitoa kwa sabuni huku nikilia kwa maumivu, nikaiweka kwenye kopo la vifungo pale kazini isipotee. Jioni mama mkwe akaniangalia mkono, akasema mbele ya mwanawe, "Umeona? Ameanza kujivua mwenyewe." Mume wangu hakuniuliza pete iko wapi wala kwa nini nimeitoa. Alifungua faili akaandika tarehe. Mama, nilitamani kumchana na mkasi, siyo yeye, hilo faili.

Juzi ndiyo ameniletea hati. Nisikilize vizuri, hati, imepigwa chapa, nakala tatu, moja yangu, moja ya mama yake, moja ya faili, imeandikwa hivi: "Endapo mtoto atazaliwa na kasoro yoyote, au itathibitika kuwa si wa ukoo huu, mama ataondoka naye kwenda kwa wazazi wake, bila kudai lolote." Chini kuna mahali pa saini yangu, na shahidi ameshasaini tayari kwa kalamu nyekundu. Napewa hadi Jumapili. Na kama sitaki kusaini, basi nikubali kuchomwa ile sindano ndefu ya tumboni ya kuchukua maji ya mtoto, ili wathibitishe damu, na mimi hiyo sindano naiogopa, nimesikia inaweza kutoa mimba, imeshanitoka moja, sitaki nyingine initoke kwa ajili ya kumridhisha mtu na faili lake.

Mwenzangu wa cherehani ya pili, tunamwita Bi Vifungo, ananiambia saini tu upate usingizi, karatasi haizai. Na mimi nimechoka, mama. Nimelia hadi kichwa kinauma mfululizo siku ya nne leo, dawa ya kutuliza haikigusi, na kwa kulia huko macho yamechoka, nikitazama tundu la sindano naona vimulimuli, Bi Vifungo ndiye ananitungia uzi, mimi fundi mwenye miaka kumi na sita kazini natungiwa uzi! Miguu nayo imejaa kwa kukanyaga cherehani kutwa, navaa ndala za mume wangu, na kiungulia kimenikaa hapa chini ya mbavu upande wa kulia hata maji nikinywa. Lakini hayo ni ya mimba, nayavumilia. La kunisaidia ni moja tu: nisaini, nisisaini, au nifungashe nguo zangu niende kwa mama yangu kabla ya Jumapili? Na ule uongo wa wiki mbili niuseme, au nife nao?

Ni mimi,
Fundi wa sare

*

Mshauri anajibu:

Mwanangu, weka gazeti chini, inuka, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukapime presha. Leo hii, siyo kesho, wala usisubiri ipite Jumapili. Ushauri wangu umeishia hapo. Haya mengine utayasoma ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri kuitwa, na kama hawakuiti upesi, waambie kwa sauti maneno haya: "Nina mimba ya wiki ishirini na tatu, kichwa kinauma siku kadhaa, naona vimulimuli, nimevimba mikono, naumwa chini ya mbavu kulia." Utaona wanavyoacha chai.

Bado umekaa? Inuka!

Kwa wasomaji wengine ambao hawana haraka kama huyu, nieleze kwa nini napiga kelele. Kabla sijashika kalamu ya gazeti nilikuwa mkunga, miaka kumi na tisa. Barua ya binti huyu ina kurasa nne. Kurasa tatu na nusu ni karatasi, faili, hati, kalamu nyekundu. Nusu ukurasa wa mwisho, tena kwa kuomba radhi, ndipo ameweka mambo yanayoua. Kichwa kisichosikia dawa. Vimulimuli machoni. Uvimbe wa vidole. Maumivu chini ya mbavu za kulia, anayaita kiungulia. Kila kimoja peke yake kinaweza kuwa uchovu, sikatai. Vyote vinne kwa mwanamke mmoja aliyevuka wiki ya ishirini, mkunga haulizi mara mbili, anavuta mashine ya presha. Presha ya mimba ikipanda na kuachwa huleta kifafa cha mimba, na hicho hakingojei kikao.

Na ile pete! Nimesoma mahali pa pete nikapiga meza ngumi hadi kikombe kikaruka. Watu wazima watatu wameutazama mkono wa mjamzito uliovimba. Mmoja kaona uzinzi, mmoja kaona tarehe ya kuandika, na mwenye mkono kaona aibu. Hata mmoja hakuuona uvimbe! Jamani, macho mnayatumia kufanyia nini?

Sasa wewe binti, nakuja kwako, na sitakubembeleza. Umekaa wiki nane bila kliniki kwa sababu kadi imefungiwa. Kadi ni karatasi, mwanangu! Damu yako haiko ndani ya faili, iko ndani yako, na mwili wako hauhitaji ruhusa ya kikao ili upimwe. Nenda bila kadi, sema huna, sema imechukuliwa, sema lolote lililo kweli, watakuandikia nyingine. Yule muuguzi wa korido akikupigia kelele, mpigie na wewe, au muulizie mkuu wake. Kumsomea mtu majibu mbele ya mabenchi ni utovu wa adabu ya kazi, na kumwambia "hazikutosha maana yake hazikutosha" ni uvivu. Muuguzi mwenzangu, kama unasoma, ungetumia dakika tano tu siku ile, na nyumba hii isingewaka moto.

Acha nizitumie mimi hizo dakika tano. Mwanamke akiwa na mimba, vipande vidogo sana vya vinasaba kutoka kwenye kondo la nyuma huingia na kuelea kwenye damu yake. Maabara inavitafuta na kuvisoma. Vikiwa vichache mno, maabara ikiwa na wataalamu waaminifu husema hatuwezi kusoma, basi. Haijasema mtoto ni mzima, haijasema ni mgonjwa, na haijasema neno hata moja juu ya baba. Vipande huwa vichache kwa sababu nyingi: damu imechukuliwa mapema mno, mama ana mwili mkubwa, anatumia dawa fulani za kufanya damu iwe nyepesi, chupa imekaa njiani muda mrefu kabla ya kufika maabara. Mara nyingine ni kweli mtoto ana tatizo la vinasaba, ndiyo maana jibu la namna hiyo halitupwi kapuni. Na mara nyingine ni kondo lenyewe ambalo halifanyi kazi yake vizuri, na kondo la hivyo ndilo hilo hilo linalopandisha presha. Umeelewa sasa kwa nini sikai kitini? Inawezekana karatasi mbili mlizozigombania wiki nane zilikuwa zinawaambia mwangalieni mama, na ninyi mkawa mnamtafuta baba.

Kuhusu uongo wako wa wiki mbili. Ulikosea, na umejua. Kwa wiki tisa, kipimo cha kwanza kilikuwa na haki ya kukosa jibu, hilo libebe. Lakini cha pili ulikwenda na wiki kumi na tatu, hicho si chako, kitue. Mungu hamnyimi mtu majibu ya maabara kwa sababu ya kalenda. Ila uongo huo lazima uuseme, tena kwa daktari kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu mpaka leo unafanya kazi kwenye kadi. Wakiamini una wiki ishirini na tano kumbe ni ishirini na tatu, watapima mtoto waone ni mdogo kwa umri wake, au watakosea siku ya kumtoa ikibidi kumtoa, na wiki mbili kwa mtoto wa umri huo si wiki mbili za kushona mikunjo ya sketi, ni uhai. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hapa hawakuwa wakitania.

Nije kwako, baba mkaguzi. Najua utalisoma hili, maana mtu wa kupenda maandishi kama wewe hapitwi na gazeti. Umesema huwezi kupitisha kitu ambacho hakijasoma. Haya, tuongee kwa lugha ya kazi yako. Unaingia dukani, muuzaji anaweka mahindi juu ya mizani, mshale hausogei. Unaifunga kwa waya mizani au unayakamata mahindi? Unawaambia wateja kwamba mahindi hayo ni ya wizi? Ungefanya hivyo sokoni wangekuzomea hadi mwisho wa barabara, na leo umefanya hivyo hivyo sebuleni kwako ukaona ni uanaume. Wewe uliyelia sakafuni jikoni siku ya habari njema, huyo ndiye baba wa mtoto huyu, huyu mwingine mwenye faili simjui, na sidhani hata wewe unamjua. Rudisha kadi. Kisha mchukue mkeo uende naye mwenyewe, na mkiingia kwa daktari usiulize damu ya nani. Uliza presha ngapi.

Na wewe, bibi mwalimu, mimi na wewe ni rika moja kwa hiyo sitakuzunguka. Umemfundisha nani kwamba swali lisilo na jibu jibu lake ni matusi? Mwanafunzi akikuletea hesabu akasema mwalimu, namba mlizonipa hazitoshi kutafuta jibu, ungempa alama zote, maana ndiyo kweli. Karatasi imesema hivyo hivyo ukaichora kwa wino mwekundu. Huyo mjukuu umemngoja miaka saba. Mama yake anaona vimulimuli na wewe unaona ndoana. Tua kalamu, shoga yangu, halafu ukamwombe radhi mkwe wako, ukisimama.

Turudi kwa binti. Hati usisaini. Sisemi fikiria, sisemi jadiliana, nasema usisaini, Jumapili hii wala Jumapili yoyote. Mtoto hazaliwi kwa masharti, na mtoto mwenye ulemavu ana baba kama mwenye afya alivyo na baba. Bi Vifungo amesema karatasi haizai. Kweli haizai, lakini inafukuza, na ikishasainiwa itatolewa siku utakayokuwa umelala hoi na kichanga pembeni. Mshukuru kwa kukutungia uzi, ushauri wake mrudishie.

Sindano ya maji ya uzazi ni kipimo halali na kizuri, wapo wanaokihitaji, na hatari yake ya kutoa mimba ipo ingawa ni ndogo kuliko unavyosikia kwenye cherehani. Lakini hicho kinafanywa kwa ajili ya kujua afya ya mtoto, baada ya wewe kuelezwa na kukubali mwenyewe. Hakifanywi kumridhisha mama mkwe. Daktari yeyote mwenye akili akisikia sindano hiyo imeombwa na kikao, ataweka vifaa chini. Kwanza tushushe presha. Ikitulia, omba ultrasaundi ya kina, ile ya kumwangalia mtoto kiungo kwa kiungo, moyo, ubongo, figo, na umri wako wa mimba ni sahihi kabisa kwa hiyo. Omba urudiwe damu mara ya tatu, wengi wanaorudia hupata jibu. Omba kuonana na mtaalamu wa vinasaba, umuulize maswali yako yote hata yale unayoyaona ya kijinga, na ukitoka hapo ndipo utaamua kama sindano unaitaka au huitaki. Uamuzi huo ni wako. Mumeo akikaa pembeni yako kama mume, msikilize. Akikaa na faili, mtoe nje.

Ukipimwa leo wakasema presha iko juu, watataka na mkojo, wape. Wakisema utalala, lala. Usiseme narudi kufunga cherehani, usiseme naenda kumuaga mtu. Sare za watoto wa shule zitashonwa. Kama nyumbani hakuna wa kukuletea nguo, mpigie mama yako mzazi aje hospitali. Hapo ndipo pa kwenda kwa mama, na si kwa kufungashwa.

Nikwambie jambo ambalo huwa silisemi kwenye safu hii. Mwaka wangu wa kumi na moja kazini aliingia mke wa dereva wa lori, amevaa khanga safi, anacheka. Alibeba mfuko wa plastiki umejaa vipimo vyake vyote, kila karatasi ina jibu, kila jibu zuri. Akasema, "Nesi, nimekuja tu, kichwa kinanisumbua." Nilikuwa na foleni. Nikamwambia akae kidogo nimalize na hawa. Nilimaliza na wanne. Nilipomfikia alikuwa ameanza degedege. Mtoto tulimpata. Yeye hatukumpata, na ule mfuko wa majibu mazuri ndio niliomkabidhi mumewe.

Kwa hiyo mimi sitaki barua ya shukrani kutoka kwako, wala sitaki kujua Jumapili mkwe wako alisema nini. Namba ya simu ya ofisi yetu iko chini ya ukurasa huu, na leo nitakaa hapo mwenyewe hadi wafunge. Mashine ya presha hutoa namba mbili, ya juu na ya chini. Nipigie, usinisalimie, nisomee hizo mbili.